Gasketi ya Gari la Radi

Kahawa ya benchi la kijiweni ilikuwa haijapoa pale Mama Shampuu, msusi wa saluni ya jirani, alipotua na habari: "Jamani, gari la Radi limechemka mbele ya mahakama! Moshi mweupe mpaka hakimu kaahirisha kesi!"

Benchi zima kicheko. Radi, karani mstaafu, alikuwa na kigari chekundu cha mbio, cha zama zile, na kukisifia ndiyo ilikuwa kazi yake. Punde akatokea, kigari kinaburutwa kwa kamba.

"Gari la mbio halichemki," akatangaza. "Linapumua."

Spana, fundi mwenye gereji hapo ubavuni, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, imeungua, mzee wangu."

"Uza chuma chakavu!" Mama Shampuu akadakia. "Viti viwili, wajukuu saba! Wengine utawafunga kwenye buti?"

"Marehemu mke wangu alikaa humo," Radi akajibu. Benchi likainamia vikombe.

Spana akafungua hedi, akaipeleka kusawazishwa, akapachika gasketi mpya na kukaza bolti kuanzia katikati, benchi likimsimamia utadhani wote wahandisi. Kitu kimoja kilimkera. Rejeta nzima, feni nzima, pampu nzima. Sasa gasketi imeunguaje?

"Twende tukalijaribu," akamwambia Radi.

Barabara kuu, injini ikaanza kulia kama cherehani iliyopandwa na jini.

"Badili gia, mzee!"

Injini ikazidi kulia.

"Gia, mzee!"

"Ipi?"

Spana akamgeukia. Mzee alikuwa ameloa jasho, kaushika usukani kama anayening'inia.

"Dereva alikuwa mke wangu," Radi akasema. "Mimi nilikaa hapo ulipo, napungia watu. Alinifundisha gia ya kwanza, akaugua."

Kumbe gasketi imeunguzwa na gia moja, Spana akaelewa. Akaweka kiganja juu ya mkono wa mzee. "Kanyaga klachi. Vuta. Achia polepole." Injini ikatulia. Radi akacheka peke yake, macho yamelowa.

Walirudi na gia ya tatu, benchi likasimama kushangilia. Kwa mbwembwe Radi akaegesha, pua ikaziba mlango wa saluni.

"Rudisha nyuma, wateja wangu wapitie paani?" Mama Shampuu akafoka.

Radi akanong'ona: "Kumbe linarudi nyuma pia?"

Spana, ambaye hajawahi kukiri kosa mbele ya benchi lile, akapaza sauti: "Gia ya nyuma nimeikorofisha mimi! Njooni tusukume!"

Papo hapo mmoja akakumbuka ana mgonjwa, mwingine kaacha bomba wazi, wa tatu akawa kiziwi. Akabaki Mama Shampuu, anakunja mikono ya gauni, anawatukana kwa zamu.