Ombi la Kutenganishiwa Matuta, Mimi na Baba Mkwe

Nouakchott, mtaa wa Ksar,
Jumapili, baada ya alasiri.

Ndugu Mtangazaji wa kipindi cha "Wiki Hii Tutoke",

Salamu zikufikie wewe na wote walio nyumbani kwako, na jamaa zako walio jangwani, na ngamia wao. Sisi hatujambo, isipokuwa hili ninaloliandika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kila Ijumaa nasikiliza kipindi chako nikiwa na kalamu mkononi. Ukisema wiki hii watu watoke waende mahali fulani, mimi na mke wangu Tekber tunakwenda. Tatizo ni kwamba baba yake, mzee Khattri ould Deddah, dereva mstaafu wa malori, naye anakusikiliza. Naye anakwenda.

Wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kufundishwa kwamba mume wa binti hali, hanywi wala haonyeshi uso mbele ya baba mkwe. Akimwona tu, anajifunga kilemba hadi machoni na kushika njia. Nami naishika. Mwaka mmoja na nusu tangu harusi nimeishika mpaka soli zimeisha. Wahenga husema penye nia pana njia. Kwangu mimi, penye njia pana mzee Khattri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tende. Mwezi wa saba ulitangaza kwamba tende zimeiva Atar, mji mzima upande. Tulipanda. Mimi nilipanda zaidi ya wengine, kwa sababu nilikuwa juu ya mtende nikichagua kichala, mzee alipofika na kutandika mkeka wake chini ya mtende uleule. Akaagiza chai. Tekber akapita karibu na shina kama anayeokota kitu, akaninong'oneza, "Kaa hukohuko, mume wangu, ndo kwanza anachemshiwa glasi ya pili kati ya tatu." Baada ya glasi ya tatu mzee akalala usingizi. Nilishuka jua likizama, nimekula tende mpaka nazichukia.

2. Mvua. Ulisema mvua imenyesha upande wa Boutilimit na majani yameota. Tukaenda kufunga hema. Upande wa pili wa tuta likafungwa hema jingine, na nje yake ikaegeshwa benzi nyeupe niijuayo. Nilishinda siku mbili nimejifunika blanketi gubigubi. Majirani wakaeneza habari kwamba mwalimu ana homa. Mzee akaniletea supu ya mbuzi kwa mkono wa mpishi wake, ina pilipili manga kama nipendavyo. Niliinywa chini ya blanketi huku nikitokwa na jasho na machozi.

3. Maziwa. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baridi ilipoingia ulisema watu wakanywe maziwa ya ngamia kwa mfugaji Mbarka, kwenye matuta ya barabara ya mashariki. Tukaenda. Mchanga ukavuma, kila mwanamume akajifunga kilemba, tukabaki macho tu. Tuliketi duara, bakuli likizunguka. Nikalipokea kwa jirani wa kushoto, nikapenyeza mdomo, nikapiga funda refu na kusema kwa furaha, "Maziwa ya leo, mzee wangu, yana povu la harusi!" Jirani akajibu, "Kunywa, mwanangu, usibakize."

Sauti ile! Maziwa yalinitokea puani. Niliruka nyuma ya ngamia aliyekuwa akikamuliwa. Ngamia akashtuka akaanza kukimbia, nami nikakimbia naye bega kwa bega ili nisionekane, mpaka barabarani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbarka alipaza sauti, "Mwalimu, rudisha ngamia! Chuchu mbili bado!"

4. Bahari. Siku za joto ulitupeleka ufukweni. Mzee akaja kutazama samaki wakishushwa. Maji yalinifika shingoni, na sisemi kwa mafumbo. Sijui kuogelea. Nilisimama tu.

Jumla ya matembezi tangu harusi ni ishirini na mawili. Jumla ya glasi za tatu za chai nilizokunywa ni sifuri. Kwetu aondokaye kabla ya glasi ya tatu amewatukana wenyeji, kwa hiyo kwa hesabu za kawaida nimeutukana mji mzima.

Usidhani namchukia mzee. Afadhali ningemchukia, ningekimbia kwa raha. Kabla sijaoa, kila Jumamosi tulitoka pamoja, mimi na yeye, tukaketi nyuma ya zizi la Mbarka na kucheza drafti ya vishimo vya mchangani, yeye kwa vijiti, mimi kwa vipande vya mavi makavu ya ngamia. Ndiye rafiki niliyempenda kuliko wote mjini hapa. Jumamosi ya mwisho alibakiwa na vijiti vitano, mimi nina saba, nimembana kila upande. Akatazama vishimo, akatazama mbingu, akasema, "Sidaty, nakupa Tekber." Basi nikawa mkwe, nikalazimika kuinuka na kukimbia. Mpaka leo sijui kama alinipenda au alikwepa kufungwa.

Sisemi mila ivunjwe, Mungu apishe mbali. Jangwa ndilo libadilishwe. Naomba yafuatayo:

(a) Utangaze orodha mbili, moja ya baba wakwe na nyingine ya waume wa mabinti.

(b) Matuta yote yanayouzunguka mji yagawanywe kwa kamba. Mashariki tuachiwe sisi, na wao wapewe kaskazini, kwenye upepo mzuri, tusije tukaonekana hatuna heshima.

(c) Benzi nyeupe ya mzee ifungwe kengele.

(d) Maombi ya mvua yatakaposwaliwa mwakani, imamu aombe mvua mbili, zenye umbali wa kilomita hamsini kati yake.

(e) Yakishindikana yote hayo, kipindi chako kifungwe, watu wakae majumbani na feni zao.

Nakutakia afya. Nisalimie fundi mitambo wako, na mama yako, na yule bibi anayesoma habari za ukungu, na kila mwenye mkwe aliyejificha mahali wakati huu.

Wako katika kilemba,
Sidaty ould Cheibani

Nyongeza: Barua hii ilikuwa mfukoni tayari kupelekwa kituoni, lakini Jumamosi tulitoka tena kwenda kwa Mbarka. Mzee alikuwa hajafika. Nikaenda nyuma ya zizi kujiandalia maficho, nikaona beseni bovu la bluu limefudikizwa mchangani. Nikataka kulikalia. Mbarka akapiga yowe, "We mwalimu, liache! Mzee ameniapisha! Kila akija analifunua, anachora upya vilivyofutika, anacheka peke yake, analifunika!"

Nililifunua. Vishimo vyote vipo. Vijiti vyake ni vitano, lakini vipande vyangu vimebaki vitano pia. Amenila viwili, kihalali kabisa, mzee mwizi yule! Nimekaa nikacheka mpaka nikalia, kisha nikamla kimoja na kufunika beseni. Nilikimbia niliposikia benzi, lakini safari hii kwa raha.

Kwa hiyo futa (a) mpaka (e). Kamba usifunge, na kengele baki nayo. Tangaza kwa Mbarka kila wiki, msimu wowote, mvua inyeshe isinyeshe, ila useme wazee waanze asubuhi na waume wa mabinti wafuate baada ya adhuhuri. Barua yenyewe usiisome hewani, maana anasikiliza. Ukipenda soma maneno mawili tu, bila jina, yeye ataelewa: zamu yako.