Malalamiko Juu ya Neno "Kusafisha"

Ipogolo, Iringa,
Agosti, 1978.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ufasaha wa Lugha,
Iringa Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta huko juu mlimani ukiwa na afya njema na kikombe cha chai mkononi. Sisi wa huku bondeni hatujambo, ila baba yangu, marehemu mzee Silvester Kikoti, amekufa mara ya pili. Mara ya kwanza aliuawa na kifua. Mara hii ameuawa na neno la Kiswahili, na kwa kuwa maneno yako chini ya kamati yako, nimeona nisiwasumbue polisi bali nije kwako moja kwa moja.

Alipokuwa mgonjwa, shemeji yangu Andendekisye, anayekaa Soweto kule Mbeya, alikuja kumjulia hali akiwa na redio kaseti, ambayo baadaye alituachia. Baba akasema maneno yake yakanaswa, upande mzima wa mkanda. Anaanza kwa kukohoa, kisha anauliza, "Haya, inasikia hiyo?", halafu anatoa maagizo ya nyumba. Kiti cha kukunja akikalie mwanawe mkubwa, ambaye kwa bahati ni mimi. Ng'ombe wetu Faida asiuzwe. Vinyungu, zile bustani zetu za bondeni kule mtoni, vilimwe mapema, majirani wasije wakatutangulia kwenye maji. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usiguswe kabla ya misa. Basi kila Jumapili tukitoka kanisani niliwakusanya watu wa nyumbani, nikakaa kwenye kiti, tukamsikiliza baba. Akitokea mbishi nilirudisha mkanda nyuma, akaambiwa tena na marehemu mwenyewe. Nyumba ilikwenda sawasawa. Nami kila nikisikia kile kikohozi nilisogeza kiti karibu na redio, wala sioni haya kukuambia. Nilimpenda baba yangu.

Mwaka huu mkanda ukaanza kulia kama paka aliyefungiwa stoo. Nikaogopa, nikaamua tuwe na nakala za akiba. Mama yangu, Apolonia, alikuwa akienda sokoni, nikamwomba aupitishe kwa Asukile, fundi redio wa pale yanapolala malori, na amwambie hivi: "Joachim anaomba umsafishie mkanda huu." Mama ni mtu wa kutumainiwa, alifikisha neno kama lilivyo. Jioni mkanda ulirudi mtupu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba neno hili lina nyuso mbili, na kamati yako inajua. Ukipeleka mkanda wa picha studio, hapo mjini kwenu, unamwambia mpiga picha "nisafishie", naye anakupa sura zote zilizomo, nakala kadiri upendavyo, na mkanda wako anakurudishia. Ukiteremka Ipogolo na mkanda wa sauti ukasema neno lile lile, kilichomo kinatolewa kweli, ila hakuna ajuaye kimepelekwa wapi.

2. Kwamba fundi anajisifu. Nilipomwendea Asukile alinipokea kwa furaha, akaniambia, "Kaka, nimeupitisha mara mbili. Hata chembe ya sauti haimo." Na kasha lake alikuwa amelifuta kwa spiriti. Nikamwuliza nakala zangu ziko wapi. Alinitazama kwa huruma, akanivutia kigoda, akamtuma mtu maji ya kunywa. Sijawahi kuhurumiwa namna ile na mtu aliyetoka kumfuta baba yangu.

3. Kwamba hatari hii haiishii kwenye mikanda. Hospitalini wanasafisha vidonda. Je, nitajuaje kwamba sitarudishiwa kidonda changu pamoja na nakala mbili? Tena mwaka jana tulitangaziwa kwamba uongozi wa duka letu la ushirika umesafishwa. Tulishangilia, tukidhani ni kusafisha kwa fundi redio. Kumbe walisafishwa kwa studio: wametoka vile vile, sura wazi zaidi, na shemeji zao wawili juu kama nakala.

4. Kwamba tangu siku ile nyumba yangu haina serikali. Mdogo wangu Filemoni amekalia kiti cha kukunja, tena anakikalia vibaya, miguu juu. Ulanzi unanywewa wakati wowote kinywa kinapokuwa wazi. Faida amepelekwa mnadani na mama mwenyewe, akiimba njia nzima. Nilipomkumbusha kwamba baba alikataza, aliniuliza alikataza wapi. Sikuwa na mahali pa kurudisha nyuma.

5. Kwamba njia za kuweka akiba, ambazo kamati ingepaswa kuwafundisha wananchi, nimelazimika kuzijaribu peke yangu. Kwanza nilimwendea mwalimu Paskalina ayaandike maneno ya baba kadiri nilivyoyakumbuka. Mwandiko wake mzuri, lakini akasahihisha Kiswahili cha baba kwa wino mwekundu, na kikohozi akakiacha kwa sababu, alisema, hakina tahajia. Pili nilitaka kutumia vichwa vya watu. Hii ni njia rahisi, haihitaji betri, ila kila kichwa kina mkanda wake. Katika kichwa cha Filemoni, baba alimpa kiti yeye. Katika kichwa cha jirani, baba alimwachia maji ya vinyungu. Tatu, shemeji Andendekisye aliposikia habari alipanda basi kutoka Mbeya na mashine ya pili, akaziweka zote mbili mezani, zikatazamana kama wachumba, akanionyesha jinsi mkanda mmoja unavyomwimbia mwenzake. Ni njia bora kuliko zote. Alishika adabu ya kazi yake, akabonyeza, tukanyamaza chumba kizima mpaka mkanda ukaisha. Sasa ninao ukimya wa baba katika nakala mbili. Imetoka safi, sina lalamiko hapo.

6. Kwamba kutokana na hayo naomba, kwa heshima, kamati ichukue hatua hizi. Neno "kusafisha" liondolewe matumizini mpaka uchunguzi ukamilike. Katika muda huo wanaume wasiwaambie wake zao "safisha nyumba", maana mtu anaweza kurudi kazini akakuta uwanja. Mwananchi anayetaka kitu chake kisafishwe aje kwanza ofisini kwenu aapishwe kama anakitaka baadaye au hakitaki. Mwisho, kwa kuwa neno ni lenu na hasara ni yangu, kamati inirudishie sauti ya baba. Kama haiwezekani, basi mjumbe mmoja wa kamati, mwenye umri mkubwa na kifua kibovu, ateremke Ipogolo kila Jumapili baada ya misa, akohoe, aulize kama inasikia, kisha atoe maagizo. Nitamwandikia mimi ya kusema. Chai itakuwepo.

Sikuandika kwa chuki. Asukile simchukii, kigoda chake kilikuwa kizuri. Nimeandika kwa sababu Jumapili iliyopita nilibonyeza ile mashine kwa mazoea, nikasubiri kikohozi, na hakuna aliyekohoa. Hilo sikulitia namba kwa kuwa sijui ni lalamiko dhidi ya nani.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, katibu wako, mlinzi wa mlangoni, na yeyote hapo ofisini anayeitwa Safi, nikimwomba radhi mapema kwa usumbufu utakaompata.

Nakutakia kazi njema na maneno machache,

Joachim S. Kikoti,
mtoto mkubwa wa marehemu.

Baada ya kusaini: Ndugu Mwenyekiti, nilimsomea mama barua hii ili asikie jinsi nilivyompigania mumewe. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka ungo ukamtoka mikononi, kisha akaniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: "We Joachim, usiwasumbue wasomi wa watu. Asukile aliniuliza. Aliniuliza vizuri kabisa, 'Mama, tusafishe kama picha au tusafishe kama sufuria?' Nikamwambia kama sufuria. Na ile mara ya pili mimi ndiye nilimwambia arudie."

Kwa hiyo neno halina kosa. Lilieleweka na wote isipokuwa mimi, na namba ya kwanza hadi ya sita naomba uzifute.

Nilimwuliza mama kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Aliokota maharage kwanza. Akasema, "Mimi nimemzika baba yako mara moja, wewe ukawa unamfufua kila Jumapili aje anikataze. Sawa, ningevumilia. Lakini wewe umemsikiliza muda wote huo hujasikia? Kamtaja ng'ombe. Kataja kiti, kataja mpaka ulanzi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kitandani nimemshikia kikombe cha maji, na hakunitaja."

Ndugu Mwenyekiti, nimeyapitisha yale maneno kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, na ni kweli, hakumtaja.

Mama anauliza kama, kwa kuwa mkanda sasa ni msafi, Asukile anaweza kuja kutuendeshea mashine Jumapili hii. Anasema naye ana mambo ya kusema, na kwamba mimi nitakaa chini na kunyamaza mpaka upande uishe. Nimemwuliza ataanzaje, ili nimwandalie. Amesema ataanza kwa jina lake mwenyewe.