Upepo wa Nyuma ya Plaiwudi

Siku Ukasha alipomsikia Mzee Mhina akijisifu, alikuwa kwenye mgahawa wa stendi ya Korogwe, akila chapati ya mtu mwingine. Mzee Mhina, dalali wa mashamba kutoka Handeni, alikuwa akitangaza kwamba anataka biashara ambayo Handeni nzima hakuna mwenye nayo, ili watu wamlipe wapende wasipende. Moyo huo mzuri ulimgusa sana Ukasha. Akasogeza kiti.

"Shikamoo mzee. Umeshafikiria chuo cha urubani?"

"Marahaba. Cha ndege hizi za angani?"

"Kwani za ardhini zipo, mzee?"

Ilipofika jioni Mhina alikuwa keshajiona mkurugenzi, anawatoza jirani zake ada. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: ndege.

Ya kweli hakuwa nayo, ila ya gemu ya kompyuta ingetosha, na kompyuta alikuwa nayo Asnath, mwenye banda la video kule Masuguru. Banda hilo ndilo lililowalisha yeye na wanawe, na bila ile kompyuta lingekuwa banda la kuku. Ukasha alimwendea kwa mlango wa utani, maana yeye ni Mzigua, na babu yake Asnath alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge. Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka zamani.

"Mtani wangu!" akapaza sauti mbele ya wateja waliojazana kutazama mpira. "Changu chako, chako changu! Niazime kompyuta, faida nusu kwa nusu."

Asnath akacheka, akakubali. Watu wakapiga makofi. Jamani, utani ni kitu kizuri.

Ndege ya kwenye gemu ilipaa bila taabu. Tatizo lilikuwa usukani. Ukasha alichukua wa gari bovu, akaukata juu na chini ukabaki na pembe mbili, akauchomelea kwenye bomba linaloingia na kutoka kwenye ukuta wa plaiwudi. Ukiushika ulicheza kama kitasa kilicholegea. Akafunga mipira ya tyubu ili ukiuvuta urudi wenyewe. Afadhali. Akaongeza shokapu ya pikipiki usirudi kwa pupa. Afadhali zaidi. Lakini alishawaona marubani kwenye video wakisema kadiri ndege inavyokwenda mbio ndivyo usukani unavyokuwa mzito, kwa sababu ya upepo, na mpira wa tyubu haujui mwendo. Ndege imesimama, ndege inapaa, uzito wake ni uleule.

Basi akatafuta upepo. Upepo ulikuwa Asnath, juu ya kigoda nyuma ya plaiwudi, ameshika kamba iliyofungwa kwenye bomba. Injini ikinguruma kwenye spika, avute, ikipoa, alegeze. Mikono ile ilitwanga mahindi tangu utotoni, kwa hiyo upepo ulikuwa wa uhakika.

Siku ya siku, Mzee Mhina alipoitwa bandani kuja kujaribu, Ukasha alivaa shati jeupe la mlinzi, lenye mistari mabegani. Begi lake la safari, lenye nguo, kitambulisho na tiketi ya basi la mchana kwenda Dar, akalificha miguuni pa Asnath.

"Nguo za dobi hizo, mtani."

Mzee Mhina akaketi, akashika pembe. Injini ikanguruma. Akavuta, usukani ukagoma. Akavuta kwa mikono yote, jasho likamtoka, ndege ikaacha ardhi.

"Loo! Kitu kinapigana hiki!" akapiga kelele kwa furaha. "Huu uzito ni wa kweli kabisa!"

"Sayansi, mzee."

"Nauchukua. Na kompyuta je?"

"Ni yangu hiyo, inakwenda pamoja na usukani. Pakia kila kitu leo hii," alisema Ukasha, akinyoosha mkono kupokea bahasha. "Mimi sina roho ya kung'ang'ania vitu."

Hapohapo usukani ukalegea. Mzee Mhina, aliyekuwa akiuvuta kwa nguvu zake zote, akajipiga nao kifuani, akaenda chini na kiti chake. Kwenye skrini ndege ikainua pua, ikasita, ikadondoka.

"Kulikoni? Mbona umekuwa mlaini?"

"Ni... hali ya hewa, mzee."

Hali ya hewa ikatokea mlangoni, begi begani.

"Hodi, mtani," alisema Asnath. "Begi hili nimelipenda. Nimelichukua."

Ukasha akaikumbuka tiketi. "Mwizi! Mzee, huyo mwizi!"

"Mwizi? Si uliniita mtani mbele ya watu? Si chako changu? Kompyuta unayomuuzia mzee ni yangu, inalisha wanangu, na sijamwita mtu mwizi. Na huo uzito wa kweli kabisa ni mikono yangu hii."

"Kweli!" wakaitikia wateja mlangoni. "Siku ile tulimsikia wenyewe!"

Mzee Mhina akainuka, akajikung'uta, akairudisha bahasha mfukoni taratibu. Alikuwa na hasira, ndiyo, na aibu pia. Lakini ni Mzigua wa kuzaliwa, na kwenye mambo ya utani hana mchezo.

"Mtani akishachukua, kijana, hushitaki popote. Unakomboa. Haya mama, taja unachotaka."

Asnath akataja.

Siku hizi banda la Masuguru lina foleni. Watu wanalipa kuendesha ndege, na hakuna anayeambiwa atakuwa rubani. Nyuma ya plaiwudi, juu ya kigoda, Ukasha anavuta kamba mpaka viganja vimeota sugu, na kila akiuliza begi, anajibiwa bado kidogo, mtani. Mteja asiyekosa siku ya gulio ni Mzee Mhina, anayetoka Handeni kwa ajili hiyo tu. Hukaa, hushika pembe, kisha huita kwa raha zake zote:

"Wewe upepo! Ongeza bwana, mimi nimelipa!"