Uzinduzi wa Maabara ya Irabu Fupi

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo na kamati inayochunguza hizo mbili, Bwana Mkuu wa Chuo, mabinti zangu mnaokwenda kesho kwenye usaili wa kazi ya kupokea simu, mama zenu, na wewe fundi seremala uliyeshika turubai, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ihesabike imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Kilio chenu kilinifikia. Mwaka jana walikwenda usaili mabinti ishirini, wakarudi ishirini, kwa sababu mwajiri anataka mtu akitamka irabu fupi za Kiingereza, cap, cup na cop, mteja asikie vitu vitatu, si kimoja. Mimi mwenyewe, mbunge wenu, hutamka yote sawasawa, bila ubaguzi, na nimefika hapa nilipo! (Mama mshonaji: "Umefika kwa gari letu!" Vicheko.) Asante, mama.

Ndipo ofisi yangu, kwa kushirikisha stakeholders wote, ikaandaa roadmap, kisha feasibility study ya hiyo roadmap, kisha semina ya capacity building hotelini, ambako tulibaini pasi na shaka kwamba irabu fupi ni fupi, hivyo hazitahitaji nafasi kubwa. Leo, ndugu zangu, utekelezaji umefikia asilimia mia na kumi: sitini upembuzi, arobaini semina, na kumi ni mimi. (Sauti: "Na mashine za kusikilizia matamshi?") Mashine zimo kwenye asilimia zinazofuata.

Mama mshonaji kainuka tena. Mpeni nafasi. ("Baba, asilimia hatuli. Mwanangu usaili wake ni kesho asubuhi. Tufungulie, wasikilize hizo mashine japo mpaka jioni.") Mama, haraka haraka haina baraka. ("Na polepole yako imetuletea turubai!" Vigelegele.)

Basi nakata utepe. (Turubai linashuka. Mlango unafunguka. Ng'ambo yake ni uwanja wa mpira, na mpishi wa chuo anaanika vitambaa.) Irabu fupi! (Mstari wa mbele: "Maendeleo marefu!") Irabu fupi! (Mstari wa mbele wanachungulia mlangoni.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Namshukuru fundi seremala, aliyeusimamisha mlango huu alfajiri bila kusumbuliwa na ukuta wowote. Ndio mlango uleule tuliozindulia zahanati na maktaba, na haujachakaa hata bawaba, kwa kuwa hakuna mgonjwa wala msomaji aliyewahi kuupita. Fundi, ung'oe. (Fundi hasogei. Mama mshonaji ameketi kizingitini, mabinti wamemzunguka. "Hauondoki huu. Chuo ni hapahapa. Haya mwanangu, anza: cap." "Cap." "Mh, hiyo ni ileile ya Mheshimiwa. Rudia.")

Mama, tafadhali, tusivunjiane heshima. Lori la kuubeba mlango limewasha injini, na saa nane kuna hospitali. Mkiukalia mlango, hospitali tutaizindua na nini?