Mwenyekiti wa Nyumba Yetu Ahamishwe Pamoja na Kiti Chake

Nyumbani kwa Mzee Kificho,
Jadida, Wete,
Pemba.

Kwa Mheshimiwa Sheha wetu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, umekaa, na umekalia kitu cha heshima, maana kukaa ndiyo habari yenyewe.

KUH: BARUA YA KUHAMA YA MTOTO AHMADA, HARAKA SANA

Mimi ni Nyange, mtoto wa Mzee Kificho, yule fundi simu wa barazani aliyeifufua simu yako baada ya mafundi wa Chake Chake kuisomea hitima. Si kwamba nakukumbusha. Nimesoma mpaka kidato cha pili, tena mara mbili, kwa hiyo ukijumlisha utaona mwenyewe nimefika wapi.

Mama yangu, Bi Siti, kanituma nije kukuomba barua ya kumhamishia Unguja Ahmada, mtoto wa dada yangu Rahila. Rahila anakuja na boti ya Ijumaa kumchukua. Mtoto ana mwaka na kidogo. Tokea alipoachishwa ziwa yuko hapa kwetu, kwa kuwa wazee wake wote wawili wanafanya kazi hotelini huko Unguja. Mama kaniambia nije nikwambie kwa mdomo, maneno mawili, nirudi. Nikaona jambo zito kama hili halisemwi mlangoni kama mtu anayeazima chumvi. Nimeliandika, na sababu zake nimezipanga kwa namba, ili kalamu yako isije ikasitasita. Mtoto huyu aende. Tena aende mapema.

1. Kiti chenyewe.

Baada ya sikukuu Rahila alituletea mfuko. Kuufungua, kumbe si mfuko, ni kiti. Na si kiti kamili, ni kiti kinachohitaji kiti kingine: kitambaa kinene chenye mikanda na vifungo, unakifunga juu ya kiti cha kawaida, mtoto unamtumbukiza katikati, miguu inaning'inia, haanguki wala hatoroki. Mbele kina kijisinia chake cha plastiki. Akimaliza kula unakikunja, unakitia begani, unakwenda nacho ugenini. Watu wa mbali huko wamekaa, wamefikiri, wakaona mtoto hawezi kula mpaka asafiri na kiti. Haya. Hatuna neno.

Taabu ni kwamba sisi, kama ujuavyo, tunakula chini. Mkeka, sinia, bismillahi. Nyumba nzima ina kiti kimoja tu, cha plastiki, cha kijani, na hicho kilikuwa changu cha ufundi. Nilikuwa nakaa juu yake barazani, wateja wamesimama, na kila mtu akijua nani mtaalamu. Sasa kimefungwa mikanda. Mimi nafungua simu za watu nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na mteja akija ananiuliza, "Yakhe, fundi yuko wapi?"

2. Cheo.

Siku ya kwanza tukakaa kula chakula cha mchana. Baba mkekani. Mama mkekani. Mimi mkekani. Ahmada juu, kafungwa mikanda, anatuangalia utosi. Mzee Kificho, mtu wa safu ya mbele msikitini, anakula wali miguuni pa mtu ambaye hata magego hajaota. Baba akainua uso akasema, "Haya basi, mwenye kiti, tufungulie."

Mheshimiwa, lingeishia pale lingekuwa mzaha. Lakini Ahmada akaipiga kijiko ile sinia yake, pa! Na sote, bila ya kutazamana, tukaanza kula.

Tokea hapo hana jina jingine. Majirani wakipita, "Mwenyekiti hajambo?" "Mwenyekiti kaamkaje?" Mimi niliyemtangulia duniani kwa miaka yote hii wananiuliza, "Na weye Nyange, umepewa wadhifa gani?" Naomba kujua kwa adabu: katika shehia yetu mwenyekiti anachaguliwa, au anafungwa mikanda?

3. Mahudhurio.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye Kiingereza.

Kile kiti kilikuja na karatasi ya maelekezo. Nyumba nzima wakaniangalia mimi, nani mwengine? Nikaisoma. Mengi yalikuwa ya vifungo, nikayaruka. Lakini palikuwa na mstari mmoja wa herufi nene, una alama ya hatari pembeni, na ndani yake mna neno ninalolijua kuliko mwalimu aliyenifundisha, kwa sababu ndilo lililokuwa likitajwa kila nilipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu: "unattended", yaani bila ya mahudhurio. Nikatafsiri palepale, bila ya kamusi: "Ni marufuku mtoto kukalishwa katika kiti hiki bila ya mahudhurio."

Amri ni amri. Ahmada hali mpaka watu wahudhurie. Baba anaitwa kutoka shamba, "Mzee, shuka, Mwenyekiti anataka uji!" na Baba anashuka mkarafuuni na pakacha lake halijafika nusu. Mama anaacha mkate wa kumimina motoni. Mimi naacha simu ya mtu tumbo wazi. Tunakaa mkekani, naita majina, kila mtu anajibu "Nipo", na Baba naye, na ndevu zake zote, "Nipo", ndipo kijiko cha kwanza kiingie. Na mtoto huyu anakula asubuhi, anakula kabla ya mchana, anakula mchana, anakula alasiri, na magharibi ndiyo anakula kweli. Hata wabunge hupewa likizo.

Siku moja Kinjal, binti wa Bwana Jamnadas wa dukani, kaniletea simu yake, akatukuta kikaoni. Akaomba karatasi aione. Alicheka mpaka akakaa chini, na huyu ni mtu anayekaa mezani kwao.

"Nyange we! Wamesema mtoto asiachwe peke yake. Mtu mmoja wa kumwangalia basi, yatosha!"

Nikamfahamisha kwamba yeye kasoma Kiingereza cha dukani na mimi nimesoma cha serikali, na hivyo ni viingereza viwili mbali mbali. Mama akaniangalia. Aliendelea kuniangalia mpaka mkate ukaungua.

Lakini maji yalikuwa yashamwagika, Mheshimiwa, wala si mimi niliyeyamwaga. Wiki ile ile Mama alikuwa keshasema na Rahila kwenye simu, "Mwanangu, kumlisha huyu mtoto ni kazi ya nyumba nzima, baba yako hachumi, mimi sipiki." Rahila akalia. Akasema kumbe kawatwisha wazee mzigo, atakuja kumchukua. Mama naye akalia, akasema mzigo gani, nani kataja mzigo? Wale wawili wakishaanza kulia simuni hakuna anayemsikia mwenzake. Kufika wakati Kinjal anacheka, Rahila keshaomba ruhusa kazini, keshatafuta mtu wa kumlea mtoto huko huko, na kila mmoja anaona haya kumwambia mwenziwe basi. Wa kulaumiwa ni nani? Mimi naona ni kiti.

4. Nidhamu ya vikao.

Mwenyekiti anarusha wali. Anarusha juu, na wali ukishatupwa kutoka juu huwaangukia walio chini, yaani sisi. Juzi mchuzi wa pweza ulitua juu ya kofia ya Baba ya kushona, ile ya Ijumaa. Mimi mwaka ule nilipomwaga chai karibu tu na kofia hiyo nilihama nyumba, nikalala kwa shangazi mpaka hasira zikapoa. Ahmada kaimwagia mchuzi juu kabisa, na Baba kafanya nini? Kacheka. Nimeishi na mzee huyu umri wangu wote na sikujua kwamba ana pengo upande wa kulia.

5. Namba hii naiacha wazi. Chakula cha magharibi leo bado hakijaliwa.

6. Ugenini.

Tulialikwa maulidi Tibirinzi. Mama akaona hawezi kwenda bila ya kiti, na kiti hakiwezi kukaa bila ya kiti. Kule nako watu wako mikekani. Ilitafutwa nyumba nzima, kikapatikana kiti kimoja, cha mbao, cha mikono, ambacho alikuwa kaandaliwa Shehe atakayesoma dua. Shehe, mtu wa watu, akasema, "Mpeni mtoto, mimi nakaa." Akakaa mkekani. Ahmada akafungwa mikanda juu ya kiti cha Shehe, naye kavaa kanzu nyeupe na kofia.

Akaingia mzee mmoja ambaye macho yake yamepungua nuru. Akenda moja kwa moja kwenye kiti, akainama, akaushika mkono wa Ahmada kwa mikono yake miwili, akasema kwa huzuni, "Shehe, mbona umepungua hivi?"

Wallahi hakuna aliyemaliza maulidi yale sawasawa. Shehe mwenyewe alikuwa akijifuta machozi kwa kilemba. Nami nikawa naulizwa kila pembe, "Huyu wa nani?" na nikalazimika kujibu, mbele ya kadamnasi, kwamba ni mpwa wangu. Aibu hiyo nimeijibu mara nyingi sana siku ile, wengine hata hawakuuliza.

7. Mamlaka.

Sasa imefika hadi Baba haamui kitu. Karafuu zikikauka, anasimama mbele ya kile kiti, "Mwenyekiti, tuuze au tungoje?" Ikipigwa sinia, zinauzwa. Mimi nilipopeleka maombi yangu kwamba umri umefika, nifikiriwe mke, Baba akanijibu kwa uso mkavu, "Peleka hoja kwenye kikao." Nikaipeleka. Nikaieleza kwa hoja zilizonyooka, fani yangu ikiwemo. Mwenyekiti akalala katikati, kijiko mdomoni. Hoja imeahirishwa mpaka leo.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Barua ya kuhama iandikwe. Ndani yake kitajwe kile kiti, na kijisinia, na kijiko, ili kisibaki kitu cha kutukumbusha. Na kiti changu cha kijani nirejeshewe.

Nyumba itatulia, Mheshimiwa. Baba atamaliza mkarafuu wake bila ya kuitwa na mtu. Mkate wa Mama utaiva rangi nzuri. Tutakula watu watatu, kila mtu na upande wake wa sinia, hakuna wali unaotoka juu, hakuna wa kuitwa jina wala wa kujibu "Nipo". Mtu atamaliza, atanawa, atainuka. Nami nitakaa kwenye kiti changu barazani, nitasikia kila skrubu inayoanguka. Kimya kizuri kabisa. Kimya cha watu wenye adabu.

Basi nikomee hapa nisikuchoshe, nikiwa bado na mengi. Nisalimie mkeo, Bi Duni, na watoto wote walioweza kukaa chini kama watu. Nisalimie msaidizi wako, na walinzi wa shehia, na yule bwana anayekaa mlangoni kwako kusema hupo. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu. Mwenyekiti anakupungia kijiko.

Ni mimi raia wako niliyekalia ndoo,

Nyange Kificho
Fundi simu, redio na mengineyo

Nyongeza, ambayo nakuomba uisome peke yako na mlango umeufunga:

Barua ya kuhama usiiandike. Mama nitamwambia nimekukosa. Rahila akija Ijumaa asikukute. Umekwenda Msuka, una msiba. Najua kwa cheo chako huwezi kusema uongo, kwa hiyo nenda Msuka kweli, kule nina jamaa zangu, nishawapigia, watakupokea na samaki wa kukaanga na hawatakuuliza umefiwa na nani. Kaa mpaka boti irudi. Dada akishamwona mtoto anavyokula hapa, na Mama akishamwona dada usoni badala ya kumsikia simuni, watamalizana wenyewe. Mimi kazi yangu nafanyia nyumbani kutwa nzima, sina pa kwenda, na ndoo nimeshaizoea, ina baridi nzuri.

Kuna na jambo jengine, ambalo sikulipa namba. Leo asubuhi nilipokuwa nafunga mikanda, Ahmada kanishika sikio akasema, "Joba." Kasema wazi, mara mbili. Hajawahi kumtaja mtu mwengine katika nyumba hii, si Baba wala si Mama. Neno "mjomba" mtu hawezi kulisema lote kwa pumzi moja na umri ule, anaanzia mwisho. Mama anabisha, anasema mtoto alikuwa anataka boga.

Mheshimiwa, nyumbani kwetu hakujapikwa boga tokea Ramadhani.