Hotuba ya Kuzindua Masinki Mia Moja na Arobaini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye leo amekalia kiti cha Mwenyekiti kwa sababu Mwenyekiti yuko kwenye uzinduzi mwingine; Mganga Mkuu wa hospitali hii; Bwana Mhandisi wa Maji, ambaye simwoni lakini kiti chake nakiona; viongozi wetu wa dini; wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu wa vitengo vidogo vilivyomo ndani ya vitengo; waganga, wauguzi, wakunga na wafagizi; ndugu wagonjwa mliokuja kwa miguu yenu, na ninyi mliosukumwa kwenye viti vya magurudumu ili ukumbi usionekane mtupu; mabibi na mabwana. Kwa wote nisiowataja, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya adabu.)

Awali ya yote nimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia mikono, na nasema mikono kwa wingi, maana angeweza kutupa mmoja tukashukuru vilevile. Lakini yeye, kwa hekima yake, alitupa miwili ili wa kulia uusugue wa kushoto na wa kushoto uusugue wa kulia, na huo, ndugu zangu, ndio ushirikishwaji wa wadau wa kwanza kutokea duniani. (Mganga Mkuu anaandika.) Mimi, katika nafasi yangu ya Mkurugenzi wa Unadhifu wa Viganja, cheo ambacho hakikuwapo kabla yangu na ambacho wataalamu wana shaka kama kitaweza kuwapo baada yangu, nimekuja leo kuuzindua mradi wa masinki mia moja na arobaini ya kunawia mikono, utakaohakikisha kwamba hakuna mtumishi wa hospitali hii atakayemgusa mgonjwa mmoja na kisha mwingine bila kupita penye sinki, iwe wodini, maabara, jikoni, au hata kwenye ngazi, ambako watu wengi hupita lakini kwa miaka yote hawakuwahi kunawa. (Makofi. Mgonjwa mmoja anasinzia.)

Sasa niwape takwimu, kwa sababu mtu asiyekuwa na takwimu ni sawa na bomba lisilo na koki. Nilipoingia ofisini, unawaji mikono katika hospitali hii ulikuwa asilimia kumi na moja. Leo, kwa mujibu wa dodoso la uangalizi lililojazwa na maofisa wangu kwa kalamu nyeusi, unawaji umefikia asilimia tisini na saba nukta nne. Mtauliza, imewezekanaje? Imewezekana kwa sababu tuligundua kasoro ya kimfumo. Waangalizi wa zamani walikuwa wakihesabu mikono iliyolowa, jambo lililowadhulumu watumishi wa wodi ambazo bomba zake hazitoi maji. Sisi tunahesabu mikono iliyofika. Mtumishi akilifikia sinki, akafungua koki, akasugua viganja, akapitisha vidole baina ya vidole, akatimiza sekunde ishirini na kufunga koki, ofisa anaweka tiki. Kama ndani ya muda huo bomba limekohoa tu, hilo ni suala la Idara ya Maji, wala si la mikono. Na kwa habari ya maji, naomba ieleweke wazi, ofisi yangu ilikwisha kunawa mikono. (Mtu anacheka, kisha anajifanya anakohoa.)

Utaratibu huo tumeuita Unawaji Mkavu, na nimefarijika kuona kwamba hata dini haiupingi, kwa kuwa penye ukosefu wa maji tumeruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi, tukasali, na sala ikapokewa. Je, kama Mola mwenyewe amekubali, mgonjwa ni nani hata akatae? (Makofi machache. Viongozi wa dini wanatazamana.)

Lakini leo, mabibi na mabwana, hatutanawa kwa ukavu. Mbele yangu mnaliona sinki la mfano, jeupe, lenye koki inayong'aa, na nyuma ya pazia yapo madumu mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira, ili itakapofika wakati wa kunawa rasmi, maji yatiririke mbele ya kamera kwa ukamilifu na kwa heshima inayostahili...

(Bibi mmoja wa safu ya tatu anasimama, anaegemea kiti kilicho mbele yake. "Samahani, mwanangu. Hayo maji mtayamaliza saa ngapi?")

Mama yangu, kipindi cha maswali kipo mwishoni, baada ya burudani.

("Sina swali. Mimi ni mamaye yule wa kitanda cha sita, wodi ya wazazi. Alijifungua kwa kisu siku nne zilizopita. Mshono umeanza kutoa usaha, na tangu jana mwili unamchemka. Sista alichemsha maji tangu alfajiri ili auoshe, mara wakaja watu wako wa itifaki, wakayabeba. Kwa hiyo mimi sikuja kwenye uzinduzi, baba. Nimeyafuata maji.")

(Minong'ono. Mkurugenzi anatazama pazia, kisha anamtazama katibu wake. Katibu anatazama ratiba.)

Naam. Tunakushukuru sana, mama, kwa mchango wako kama mdau wa ngazi ya chini kabisa. Napenda niufahamishe umma kwamba maji hayo hayakubebwa, bali yalihamishwa kwa hati ya makabidhiano, na katika hati hiyo yanatambulika kama maji ya uzinduzi. Yatatumika katika kipengele cha tisa, yaani Mgeni Rasmi Kunawa, na kurejeshwa katika kipengele cha kumi na nne, kwa kiasi kitakachokuwa kimesalia.

("Na sasa mpo kipengele cha ngapi?")

Cha pili, mama.

(Kicheko kinapita ukumbini, na wanaosukuma viti vya magurudumu ndio wanaochelewa kunyamaza. Muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye alikuwa ameketi pembeni kwa sababu mahudhurio ni ya lazima, anasimama. "Mheshimiwa, maji ya kunawa jukwaani si lazima yawe yamechemshwa. Nipe yangu, nikuletee ya mvua, yapo pipani nyuma ya jiko.")

Sista, ya mvua yana rangi. Kamera zetu ni za kisasa. (Muuguzi haketi.) Na wewe, mama, nikutulize moyo. Nimeagiza, kuanzia sasa hivi, kwamba mwanao apewe huduma yote ya Unawaji Mkavu bila upendeleo, ambao kama nilivyobainisha una msingi hata katika ibada.

("Mwanangu," anasema yule bibi, na hapandishi sauti, "mimi darasa la kalamu sikuliona, lakini chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa. Tayamamu ni ya kumkabili Mungu, na Mungu anaijua nia. Kidonda hakijui nia.")

(Kiongozi mmoja wa dini anatikisa kichwa kukubali, anamwona Mkurugenzi akimtazama, na anaendelea kukubali vilevile.)

Nashukuru. Maoni hayo yatachakatwa. Nikiendelea pale nilipoishia, mradi huu umejengwa juu ya nguzo saba, na nguzo ya kwanza ni utashi, ya pili ni semina, ya tatu ni semina za kufuatilia semina, na ya nne... (Muuguzi anapanda jukwaani kwa ngazi ya pembeni, anafunua pazia, anauchomoa mpira na kuukunja vizuri, kisha ananyanyua dumu la kwanza.) ...na ya nne ni umiliki wa mradi kwa walengwa, ambao kama mnavyoshuhudia umeanza kabla ya wakati wake. Sista, weka chini. Sista. Dumu hilo liko kwenye hati.

("Na mgonjwa yuko kwenye kitanda, Mheshimiwa. Utanisamehe. Mama, tangulia." Mfagizi wa wodi hiyohiyo anapanda, anabeba dumu la pili begani.)

Mlinzi, tafadhali, usimamie mlango.

(Mlinzi anausimamia mlango: anaufungua, pande zote mbili, na kuushikilia hadi bibi, muuguzi na mfagizi wamepita. Mganga Mkuu anafunga daftari lake, anaomba radhi kwa Makamu kwa sauti ndogo, na kuwafuata huku akikunja mikono ya shati. Wauguzi wawili wanaondoka nyuma yake, halafu safu nzima.)

Naona wengine wanawahi majukumu. Hiyo ndiyo ari tunayoitaka. Basi, kwa kuzingatia muda, naomba tuziruke nguzo tatu zilizobaki, ambazo kwa hakika ni nguzo moja iliyorudiwa, na tuingie kwenye kaulimbiu. Nikisema "Viganja", ninyi itikieni "Vinang'aa". Viganja. (Sauti mbili: "Vinang'aa.") Viganja. (Sauti moja.) Nikisema "Sinki kwa kila mlango", itikieni "Na mlango kwa kila sinki". Hiyo mtaijifunza nyumbani.

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, waliopokea ripoti ya kukamilika kwa mradi huu mwaka jana, wakatuandikia barua ya pongezi yenye ombi dogo tu, kwamba wangependa kuona picha ya sinki mojawapo. Nalishukuru jopo lililoiandika ripoti hiyo kwa ustadi, kwani masinki mia moja thelathini na tisa yamo humo, kila moja na ukurasa wake, na hakuna hata moja lililovuja. Namshukuru fundi bomba wa mtaa wa pili aliyetuazima hili la mia moja na arobaini, na namhakikishia kwamba litarudi dukani kabla ya saa nane, kwa kuwa lina mteja. Namshukuru mpiga picha, ambaye ananinong'oneza kwamba tusijali, kwenye picha maji huwa hayaonekani. Na kwa kuwa uongozi ni huruma, nawashukuru pia watumishi wa wodi ya wazazi, na nawaarifu kwamba nikishapigwa picha nitapita huko mimi mwenyewe, kumpa mkono wa pole yule binti wa kitanda cha sita.

(Mfagizi amerudi. Anapanda jukwaani, anachukua kipande cha sabuni kilichopangwa juu ya sinki, anakifunga katika kitambaa safi. "Mheshimiwa," anasema, "Sista anasema pole ifike kwa mdomo. Mkono ubaki nao hukuhuku.")