Saa Moja na Dakika Tano Mlizonibambikia

Ndugu Mhariri,

"Kati ya miji yetu miwili pana kilomita mia sita na kumi tu, na ndege huruka kwa saa moja na dakika tano." Hayo aliyaandika mwandishi wenu wa safari Jumapili iliyopita, bila haya, chini ya picha ya bawa la ndege. Mimi ni fundi saa kwa miaka ishirini na saba. Dakika ndizo riziki yangu, na sikubali zichezewe.

Mashitaka yangu ni haya:

1. Saa moja ni ya ndege, si ya abiria. Abiria huamka saa kumi alfajiri, hupanda teksi hadi uwanjani, huvuliwa mkanda na viatu, kisha huketi akisubiri mara mbili ya muda atakaosafiri. Akitua, hulingojea begi lake kama mgonjwa anayengojea majibu. Nimepiga hesabu: jumla saa tisa na robo, mlango kwa mlango.

2. Kilomita hizo ni za angani. Mimi sikai angani. Kwa barabara ni mia nane na tisini. Mia mbili na themanini zilizobaki mmezipeleka wapi?

3. Hapa ndipo mliponimaliza. Katika mji huo wa pili anaishi dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Alhamisi anapasuliwa jicho, na anataka niwepo. Kwa miaka tisa, kila akiniita, nimemjibu "mbali, dada," naye akaridhika. Jumapili akasomewa gazeti lenu, akanipigia: "We bwana, kumbe saa moja! Si unakaa zaidi ya hapo kwa kinyozi?" Mke wangu, badala ya kunitetea, alicheka mpaka akakaa chini.

4. Kwa hiyo umbali usiachiwe marubani. Itungwe sheria: ndugu wakishakubaliana kwamba ni mbali, ndege izunguke hewani mara nne kabla ya kutua, isije ikamuumbua mtu. Hilo likishindikana, mji mmoja usogezwe. Sijali upi.

Nadai sahihisho katika ukurasa wa kwanza, kabla ya Alhamisi, kwa maneno mawili: "Mbali sana."

Unisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na mfagizi wa ofisi. Mwandishi wa safari naye mpe salamu. Namwombea ndugu wengi wa karibu.

Wako katika kuzitetea kilomita,
Fundi Saa, mkabala na posta

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha dada alipoingia dukani, kashikwa mkono na kondakta. Amekuja kwa basi, saa kumi na sita, na macho yake hayo yanayoona nusu nusu. Hakunilaumu. Amesema tu, "Nimekuja nikutazame kabla hawajanifunga bandeji. Mbona umezeeka hivyo, baba?" Mhariri, yafute mashitaka yote. Nimekata tiketi mbili za ndege ya Jumatano, yake na yangu. Na ninyi wadogo wenzangu, mnaousoma ukurasa huu mkitafuta kilomita za kujifichia: fungeni gazeti, mpigieni mkubwa wenu, mwambieni mnakuja, na msimwambie lini kama hamjakata tiketi.